Kozi za hiari mwaka wa nne, uhandisi ujenzi: nifuate alama au nifuate mwalimu?

BintiKimara

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi ujenzi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na muhula ujao ninaingia mwaka wa nne. Kwa miaka mitatu iliyopita hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka kusoma nini. Ratiba ilikuja ikiwa imejaa kozi za lazima, kuanzia hisabati na michoro ya kihandisi ya mwaka wa kwanza hadi nadharia ya miundo, mekanika ya udongo na haidroliki. Sasa nimeambiwa nichague kozi mbili za hiari kati ya nne, na pia nipendekeze jina la mwalimu atakayesimamia mradi wangu wa mwisho, na nafasi hiyo ndogo ya kuchagua imenikosesha usingizi.

Kozi zenyewe ni uhandisi wa misingi ya majengo, hidrolojia ya mijini (yaani mwenendo wa maji ya mvua na mito mjini), zege lililokazwa kabla kwa nyaya za chuma, na usimamizi wa miradi ya ujenzi. Kila moja ina krediti 8. Usimamizi wa miradi unafundishwa na mwalimu ambaye kila mtu anasema anamwaga alama. Maswali yake hujirudia mwaka hadi mwaka, na madesa yake, yaani nukuu za masomo, yanapatikana katika vibanda vya kutolea kopi kabla hata muhula haujaanza. Misingi inafundishwa na mzee mmoja anayeogopwa, kwani wengi waliosoma kwake wanasema anabana alama na kwamba kila mwaka wapo wanaorudi kufanya sapu yake, yaani mtihani wa marudio. Hidrolojia ina mwalimu mgeni ambaye hakuna anayemjua, na zege lililokazwa kabla nimelitaja tu kwa ukamilifu, kwa kuwa silitaki.

GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu, kwa sasa ni 3.4. Ninahitaji kumaliza na 3.5 au zaidi ili nipate daraja la pili la juu, na ndiyo maana wenzangu wote wananishauri nichukue usimamizi wa miradi bila kufikiri mara mbili.

Lakini moyo wangu uko kwenye misingi, na sababu ni ya nyumbani. Baba yangu ni fundi mwashi, na nyumba yetu ya Kimara aliijenga mwenyewe kwenye mteremko. Ina ufa unaoanzia kona ya chini ya dirisha la sebule na kushuka kwa mshazari hadi kwenye sakafu. Nilipokuwa kidato cha tano niliweka alama za kalamu ya wino pande zote mbili za ufa huo, na kila masika ninaporudi kuzitazama naona zimeachana zaidi. Baba huuziba kwa saruji, na ufa hurudi. Miaka mitatu ya chuo imenifundisha kukokotoa mengi, lakini siwezi kumweleza baba yangu kwa nini ukuta wake unapasuka.

Naomba ushauri kwa waliopita njia hii. Je, nichague kwa kuangalia alama, au nichague kwa kuangalia mwalimu na somo? Na mwalimu mzuri anatambulikaje kabla hujaingia darasani kwake?

Mhandisi_Tabata

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kufika hapo, kwa sababu wengi tulioanza nao waliachwa njiani na hisabati ya mwaka wa kwanza.

Nianze na hesabu, kwa kuwa naona hofu yako imetangulia hesabu. Shahada ya miaka minne huwa na krediti zisizopungua 480, yaani 120 kwa kila mwaka, na GPA yetu huhesabiwa kwa A kuwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3 na C pointi 2, kila moja ikizidishwa kwa krediti za kozi. Nikichukulia kwamba miaka yote minne inahesabiwa, wewe umeshakusanya 360 mara 3.4, yaani pointi 1,224. Ili ufike 3.5 unahitaji jumla ya pointi 1,680, kwa hiyo zimebaki 456, na maana yake ni kwamba wastani wako wa mwaka wa nne lazima uwe 3.8. Hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yako, na ipo bila kujali kozi ya hiari utakayochagua.

Sasa tazama kozi mbili za hiari zinachangia nini. Ukipata A zote mbili, krediti 104 zinazobaki zitahitaji wastani wa karibu 3.62. Ukipata B+ mbili, wastani huo utapanda hadi 3.77, na ukipata B mbili utafika 3.92. Tofauti yote kati ya A mbili za mteremko na B mbili za jasho, kwa kipimo cha GPA ya mwisho, haifiki 0.07. Mzigo mkubwa umo katika zile krediti 104, na ndani yake umo mradi wa mwisho, ambao katika vyuo vingi una krediti nyingi kuliko kozi yoyote moja ya muhula. Mwanafunzi anayetumia wiki tatu kutafuta kozi ya mteremko na siku moja kutafuta msimamizi wa mradi amegeuza mambo juu chini.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mimi nilichukua mteremko. Nilipata A yangu, nikahitimu, nikaajiriwa na kampuni moja inayochunguza udongo kabla ya ujenzi, na wiki ya pili nikapelekwa kusimamia uchimbaji wa shimo la uchunguzi. Kwa wasiojua, kipimo cha ugumu wa udongo kinachotumika sana ni kile cha SPT: nyundo ya kilo 63.5 huinuliwa na kuangushwa kutoka kimo cha sentimita 76, inapiga fito, nazo zinazamisha bomba la sampuli ardhini kwa sentimita 45, katika hatua tatu za sentimita 15 kila moja, na kazi ya mhandisi kijana ni kuhesabu mapigo ya kila hatua na kuyaandika. Nilihesabu vizuri kabisa. Hatua ya kwanza mapigo 6, ya pili 9, ya tatu 11. Nikajumlisha zote tatu na kuandika 26.

Aliyenisahihisha alikuwa fundi wa mashine, mtu mzima asiye na cheti chochote cha chuo. Aliinama, akatazama karatasi yangu, akasema kwa upole, "Injinia, zile za kwanza huwa haziingii." Hatua ya kwanza hupita kwenye udongo uliokwisha kuvurugwa na uchimbaji, kwa hiyo huandikwa lakini haijumlishwi, namba sahihi ilikuwa 20. Kwenye karatasi yangu ardhi ilikuwa na nguvu kuliko ilivyo kweli, na kosa hilo lingepita hadi mezani kwa anayesanifu msingi, kisha hadi chini ya jengo ambalo watu wangelala ndani yake. Mwalimu aliyefundisha misingi chuoni kwetu alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kwenye mashine kama ile na kuwahesabisha mapigo wao wenyewe. Mimi sikuwa miongoni mwao, kwa kuwa niliambiwa anabana alama.

Kwa hiyo jibu langu ni misingi, na ufa wa nyumbani kwenu ni sababu nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia.

Mpambanaji_Temeke

Kwa heshima zote kwa Mhandisi_Tabata, hesabu yake ni sahihi lakini imeandikwa na mtu ambaye tayari ana kazi. Kwa mtu aliye kwenye 3.4, hiyo 0.07 inaweza kuwa ndiyo mpaka wenyewe, kwa sababu daraja halina huruma na desimali: 3.4 ni daraja la pili la chini na 3.5 ni la juu. Mimi nilimaliza na 3.4. Ufadhili wa shahada ya pili niliokuwa nautamani ulitaka daraja la pili la juu, na matangazo ya kazi ya ukufunzi msaidizi vyuoni yanataka 3.8 na kuendelea, hivyo milango hiyo miwili ilifungwa kabla sijaandika hata barua.

Dada, chukua misingi kwa sababu unaipenda, lakini ya pili iwe ile utakayopata alama bila kuumia. Si dhambi kuchukua kozi moja ya kupumulia.

Mwalimu_Mdogo

Mimi ni mhadhiri msaidizi, si katika chuo chako, na ningependa kujibu swali lako la pili, yaani namna ya kumtambua mwalimu kabla hujaingia darasani, kwa sababu ni swali ambalo wanafunzi wengi hulijibu kwa uvumi wa bweni.

Kwanza tuelewane kuhusu hali yetu. Ushauri mwingi unaopatikana mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani, ambako kozi moja huweza kufundishwa na maprofesa kadhaa katika vipindi tofauti vya muhula uleule, na mwanafunzi husoma maoni ya waliotangulia kwenye tovuti kama RateMyProfessors, kisha hujisajili kwa yule anayemfaa. Hapa kwetu kozi moja kwa kawaida ina mwalimu mmoja, au wawili wanaogawana muhula, na programu ya uhandisi imefungwa na mtaala kwa sehemu yake kubwa. Huwezi kumkimbia mwalimu wa nadharia ya miundo. Nafasi yako ya kuchagua mwalimu imo katika mambo machache tu: kozi za hiari, msimamizi wa mradi, na kwa kiasi fulani mahali unapoomba kwenda kwa mafunzo ya vitendo wakati wa likizo ndefu. Kwa kuwa ni machache, yanastahili kufanyiwa uchunguzi wa kweli.

Usiwaulize waliotangulia kwamba mwalimu fulani alitoa A ngapi. Waulize alirudisha jaribio la kwanza lini. Alama za mwisho kwa kawaida hugawanywa 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa chuo, na mwalimu anayerudisha jaribio ndani ya wiki mbili, likiwa na wino mwekundu unaoonyesha ni mstari gani ulipotea, amekupa nafasi ya kujirekebisha kabla ya zile 60. Mwalimu ambaye majaribio yake hubandikwa ukutani kama orodha ya namba tu, tena siku tatu kabla ya mtihani, hajakufundisha chochote kwa hizo 40, hata kama alama zake ni nzuri. Omba mtu akuonyeshe karatasi yake ya jaribio iliyosahihishwa. Ukurasa mmoja wa aina hiyo utakueleza zaidi kuliko mazungumzo ya saa nzima.

Pili, nenda maktaba ukatazame mitihani ya miaka minne au mitano iliyopita. Kama maswali ni yaleyale, kozi imelala, na hapo bila shaka A zitakuwa nyingi kwa sababu kinachopimwa ni kumbukumbu. Kama maswali yanabadilika lakini yanazunguka mambo makubwa yaleyale, umempata mwalimu anayefikiri. Na kama yanarukaruka hadi nje ya yale yaliyofundishwa, jihadhari, maana huo ni ugumu usio na faida. Hili nalisisitiza kwa sababu upo upotofu wa upande wa pili pia: wapo wanafunzi wanaodhani kwamba kila mwalimu anayeangusha watu ni mwalimu bora. Mtihani mgumu unaweza kutungwa na yeyote. Jambo la kuuliza ni kama aliyekusudia kukupima alikuandaa.

Tatu, soma mwongozo wa kozi na uangalie kama unakwenda na wakati. Nitoe mfano wa zege, ingawa umesema hulitaki. Waingereza waliiondoa BS 8110, kanuni yao ya kusanifu zege, mwaka 2010 na kuweka Eurocode 2, kanuni ya Ulaya, mahali pake, lakini ofisi nyingi za usanifu hapa nchini bado zina BS 8110 mezani. Mwalimu mzuri wa zege hatakuficha lolote kati ya hayo mawili: atakufundisha kanuni za msingi za mpinde na mkato, kisha atakuonyesha nyaraka hizo mbili zinaafikiana wapi na zinatofautiana wapi, ili uweze kufanya kazi Posta leo na ughaibuni kesho. Anayefundisha moja tu kama kwamba ndiyo sheria ya maumbile anakuandalia matatizo.

Nne, na hili ndilo rahisi kuliko yote ingawa halifanywi, nenda ukae darasani kwake. Mihadhara yetu hufanyika katika kumbi ambazo hakuna anayehesabu vichwa. Keti nyuma kwa dakika hamsini, na usikilize hasa kinachotokea mwanafunzi anapouliza swali la kijinga.

Kuhusu yule mgeni wa hidrolojia, ugeni wake usikutishe. Katika jiji hili somo lake linajieleza lenyewe kila masika, Mto Msimbazi unapojaa na barabara ya Jangwani kufungwa. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander, na kila paa jipya la bati na kila ua uliosakafiwa kati ya huku na huko huongeza maji yanayofika mtoni na kupunguza muda yanaotumia kufika. Ukimuuliza mwalimu huyo atatumia mfano gani darasani na akakutajia mto wa Ulaya tu, utakuwa umepata jibu. Akikutajia mto Msimbazi, Sinza au Ng'ombe, jisajili.

Mhandisi_Tabata

Mpambanaji, nimekusoma na nakubali kwamba sikulipa uzito suala la mpaka wa daraja. Hata hivyo nakuomba nawe utazame tena lile la mradi: ukipanda kutoka B hadi A katika mradi wenye krediti 12, kwa mfano, umepata pointi 24, na kozi moja ya hiari yenye krediti 8 ingekupa 16 tu kwa kupanda kulekule. Anayetaka kuvuka mpaka aweke nguvu zake kwenye mradi.

Mama_Zege

Mdogo wangu BintiKimara, wenzangu wamekujibu vizuri kuhusu kozi, mimi nizungumzie msimamizi, kwa sababu ndiye mtu utakayekuwa naye kwa mwaka mzima na ndiye mara nyingi atakayeandika barua yako ya kwanza ya mapendekezo.

Mimi nilimchagua profesa mwenye jina kubwa. Alikuwa mtu mwema na msomi wa kweli, lakini alikuwa mjumbe wa kamati nyingi, mshauri wa miradi ya serikali, na msafiri. Tulikuwa wanafunzi wengi chini yake, na katika mwaka mzima nilimwona mara nne. Sura ya pili ya ripoti yangu niliiacha kwenye meza ya katibu muhtasi wake mwezi wa kwanza, na nikaikuta palepale, katika bahasha ileile, mwezi wa tatu. Rafiki yangu alisimamiwa na mhadhiri kijana aliyetoka masomoni karibuni, asiyejulikana na mtu, ambaye kila Alhamisi saa nane mchana alikuwa akimsubiri na kalamu mkononi. Mradi wake ulikuwa wa kawaida kuliko wangu, lakini ulikamilika, na yeye aliutetea akiwa anajua kila namba ilikotoka. Kwa hiyo kabla ya kupendekeza jina, muulize mwalimu mwenyewe, kwa adabu lakini waziwazi, ana wanafunzi wangapi mwaka huu na siku gani ya wiki huonana nao. Anayeweza kukutajia siku na saa ana nafasi yako.

Muulize pia kuhusu vifaa. Mradi wa udongo unahitaji maabara, na maabara ina mlinzi wa ufunguo ambaye ni fundi sanifu, siyo profesa. Mfahamu mtu huyo mapema na umheshimu. Ndiye anayejua tanuri la kukaushia sampuli linafanya kazi siku gani na mizani ipi inadanganya.

La mwisho ni zito, na nalisema kwa sababu wewe ni binti na hakuna aliyeniambia mimi. Waulize dada waliokutangulia, faraghani, kama mwalimu huyo anawaheshimu wanafunzi wake wa kike. Mwalimu anayetaka kuonana nawe nje ya ofisi, au usiku, au anayechelewesha alama zako huku akikutumia ujumbe usiohusu masomo, si wa kuvumiliwa kwa ajili ya GPA. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai katika nchi hii, limetajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wote, nenda dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113. Walimu walio wengi ni watu wa heshima, na dada zako wa mwaka wa mwisho wanawajua kwa majina.

Pia fikiria baada ya kuhitimu. Utaandikishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha utafanya kazi chini ya uangalizi kwa takriban miaka mitatu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi mtaalamu, na mahojiano yake yatahusu kazi ulizozifanya kwa mikono yako. Hapo usumbufu wote wa msimamizi anayeuliza maswali mengi utaona umekulipa.

BintiKimara

Asanteni sana wakubwa zangu, na Mpambanaji_Temeke asante kwa ukweli wako. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuyafanya mliyoniambia.

Nilikwenda maktaba. Mitihani ya usimamizi wa miradi ya miaka minne inafanana kiasi kwamba swali la tatu limebadilishiwa tarehe tu. Mitihani ya misingi ni migumu kweli, lakini nilipoiweka sambamba na daftari la kaka mmoja aliyemaliza mwaka jana, sikuona swali hata moja ambalo halikuwa na mfano wake darasani. Kaka huyo alipata C. Alinionyesha jaribio lake la kwanza: kwenye swali la uwezo wa udongo kubeba mzigo, mzee alikuwa amezungushia duara jibu la mwisho na kuandika pembeni, "Kilonewtoni kwa nini? Kwa mita ya mraba au kwa mita? Anayejenga atakuuliza." Karatasi hiyo ilirudishwa siku ya tisa. Nilimuuliza kama angeichukua tena kozi hiyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema ndiyo, ila angeanza kuisoma wiki ya kwanza badala ya wiki ya kumi.

Mwalimu wa hidrolojia nilimkuta ofisini akipanga vitabu. Kabla sijamaliza swali langu la mfano gani atautumia, alinionyesha ramani ya bonde la Msimbazi aliyoibandika nyuma ya mlango. Nimejisajili kwake. Mpambanaji, najua umeniasa nichukue moja ya kupumulia, na nimefikiri sana kuhusu hilo. Nimeamua kuzitafuta pointi hizo kwenye mradi, kama Mhandisi_Tabata alivyopiga hesabu.

Kisha nikaenda kwa mzee wa misingi kumwomba awe msimamizi wangu. Nilisubiri kwenye korido kwa karibu saa nzima, na mikono ilikuwa inanitoka jasho. Nilimuuliza idadi ya wanafunzi wake na siku ya kuonana, kama Mama_Zege alivyoniagiza, akajibu kwamba ni watano na ni Jumanne asubuhi, na hakuonekana kukasirika. Nikamweleza kuhusu ufa wa nyumbani na alama za kalamu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali moja: "Kiangazi unajifunga?"

Sikuwa na jibu. Nimeutazama ufa ule kila masika kwa miaka mitano, na sijawahi hata mara moja kuupima mwezi wa tisa. Akanieleza kwamba kama unafunguka na kujifunga kufuata majira, atashuku udongo wa mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Na kama unafunguka tu bila kurudi, atashuku kwamba upande wa chini wa mteremko umejazwa kifusi na nyumba inatitia. Ni matatizo mawili yenye tiba tofauti, na saruji ya baba haitibu hata moja. Ameniambia nianze kupima sasa, kila baada ya wiki mbili, na nilete namba kabla hajakubali jina la mradi.

Jana jioni baba alinishikia tochi wakati ninabandika vipande viwili vyembamba vya kioo, vitakavyovunjika ufa ukisogea, juu ya ufa, kimoja chini ya dirisha na kingine karibu na sakafu, na pembeni nikagonga misumari midogo ya chuma ya kupimia kwa kalipa. Umbali kati ya misumari ya juu ni milimita 61.4, na ya chini ni 58.9. Nimeandika tarehe ukutani kwa penseli, na baba ameahidi hatapaka rangi.